Shangazi, Firimbi na Boti Iitwayo Mbishi

Tangu siku Shangazi aliponipulizia milio miwili mifupi mbele za watu, niliapa kwamba ipo siku na mimi nitaishika ile firimbi. Nilidhani nitangoja mpaka azeeke kabisa. Kumbe angenikabidhi mwenyewe, kwa mkono wake, na huku ananionya nisipulize ovyo.

Lakini ngoja nimweleze kwanza, maana usipomjua Shangazi utadhani natia chumvi.

Ni dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye mwenye boti za kukanyaga katika ziwa la kati. Huku kwetu milimani kuna maziwa matatu, moja juu ya jingine. La chini ni la wavuvi na wenye hoteli. La juu ni la watu wenye mabegi mgongoni, wanaopanda nusu siku, wakifika wanapiga picha, wanatetemeka, wanashuka. La kati ndilo la starehe. Watu wanapiga mahema, wanatandika mablanketi kwenye nyasi, wanacheza mpira na kuutosa majini, na mwisho wa yote, wapende wasipende, wanaishia gatini kwa Shangazi.

Ofisi yake ni kibanda cha mbao kinachonuka unyevu. Ukutani majaketi ya kuelea yametundikwa kwa ukubwa, kuanzia la mtoto hadi lile analoliita la mheshimiwa. Mlangoni kuna kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu: USISIMAME BOTINI. USIRUKE MAJINI. USIULIZE KAMA MAJI NI YA BARIDI. Mwenyewe hukaa nje kwenye kiti cha plastiki, koti la mvua la marehemu mume wake limemfika vifundoni, kofia pana, na firimbi shingoni imefungwa kwa kamba ya kiatu. Ni mfupi. Sauti ndiyo ndefu. Wageni ndio waliompa jina la Nahodha, na yeye hakulikataa.

Mimi nina kibanda cha chai hapo hapo kando ya gati. Mama alipotutoka, Shangazi ndiye aliyenilea. Kwa hiyo maishani mwangu nimefokewa zaidi ya wateja wote wa ziwa hili wakiunganishwa, na nampenda hivyo hivyo.

Sasa, Mbishi. Boti zake zote zina viti viwili, na kila kiti kina pedeli zake na gurudumu lake la vibao upande wake. Katikati kuna usukani. Ukitaka kulia unavuta kulia, ukitaka kushoto unavuta kushoto, hata mtu wa mara ya kwanza hapotei. Isipokuwa boti ya njano. Usukani wake ulikatika zamani, kimebaki kijiti cha kushikia tu, ukikivuta hakuna kinachotokea. Boti hiyo inakwenda mbele kwa njia moja tu: wawili wakanyage sawasawa. Mmoja akizidisha, inamgeukia mwenzake. Mmoja akitegea, inazunguka kama pia. Ndiyo maana tukaiita Mbishi.

Mwenye akili angeitengeneza. Hata fundi alikuwepo, na fundi mwenyewe alikuwa analilia kuitengeneza. Lakini siku moja walikuja bwana harusi na bibi harusi wa kesho yake kupigwa picha, wakapanda Mbishi kwa sababu ya rangi. Walizunguka, wakalaumiana, wakafokeana, mwisho wakanasa kwenye matete. Bibi harusi akashuka, maji ya magotini, akatembea hadi ukingoni na gauni lake, akaenda kwao. Harusi ikafa. Baada ya muda mfupi ikajulikana kwamba yule bwana alikuwa na mke mwingine na watoto huko alikotoka.

Basi watu wakasema boti ya Nahodha ilimwona.

Boti haikuona kitu! Boti haina usukani! Lakini nani atasikia? Wazazi wakaanza kuleta watoto wao. Kila anayetaka kuoa au kuolewa, kabla ya kupanga tarehe, anapelekwa ziwani akapande Mbishi. Masharti aliyaweka Shangazi: mtoke gatini, mfike kwenye jiwe lile la katikati ya ziwa, mlizunguke, mrudi. Yeye anawatazama kwenye kiti chake, kidevu juu. Mkifaulu, anapuliza mlio mmoja mrefu, maana yake wameiva. Mkishindwa, milio miwili mifupi: bado.

Na firimbi ile husikika. Milima inaipokea na kuirudisha, sokoni wanaisikia, shuleni wanaisikia. Hujafunga hata kamba ya boti, na muuza nyanya ameshajua kuwa uchumba wako una kasoro.

Nimeona mengi kutoka kwenye birika langu. Nimeona mwalimu akihesabu moja-mbili, moja-mbili kwa sauti, mchumba wake akamwambia na wewe usiniletee darasa, wakapewa bado. Nimeona bwana misitu, mrefu mpaka magoti yanamgusa kidevu akikanyaga, akipewa bado mara mbili na mchumba wake yule yule, na bado wanashikana mikono sokoni kama watoto wa chekechea. Shangazi hana huruma. "Mimi sisemi," anasema. "Inasema boti."

Halafu ikafika zamu yangu.

Mchumba wangu anakodisha viatu vya mlimani, duka lake liko pale njia inapoanza kupanda. Kila wiki anawapeleka wageni ziwa la juu na kurudi, miguu yake ni miwili lakini ina nguvu za minne. Yangu ni ya kusimama kibandani nikikoroga chai. Baba akasema, "Kijana simkatai, ila kwanza Dada awaone." Tukapanda Mbishi. Mchumba wangu, kwa kutaka kumwonyesha Shangazi kwamba ni mwanamume wa kazi, akakanyaga kama anafukuzwa. Nami nikakanyaga mpaka nikaona nyota. Tulizunguka, tukazunguka. Kofia yangu ikaenda na maji. Namwambia punguza, ananiambia ongeza. Tuliporudi nilikuwa nataka kutapika, na kabla sijakanyaga gati nikasikia: pi! pi!

Baba alikuwa kwenye karakana yake ya mbao, upande wa pili wa barabara. Alisikia. Akazima msumeno, akaja, akatutazama, akasema, "Basi tungoje kidogo." Kidogo hicho kikawa msimu wa mvua mzima, na kiangazi, na mvua tena. Mchumba wangu alikuwa anakuja kibandani kunywa chai na kukaa kimya. Nilimwomba Shangazi atujaribu tena, akasema, "Bado hamjabadilika, nawaona mnavyotembea." Wewe! Mnavyotembea! Nililia, sifichi, na kwa muda chai yake nilimpa bila sukari.

Sasa umeelewa hasira zangu zinatoka wapi. Turudi kwa fundi.

Fundi wa boti tunamwita Taratibu. Ni mtu mkimya, mpole, kazi yake safi, lakini haraka haijui hata kwa jina. Ukimsalimia asubuhi, jibu linakuja ukiwa umeshapita. Yeye ndiye aliyeunda boti zote za Shangazi, na kwa miaka mingi alikuwa anakuja gatini kila siku kupigilia misumari kwenye mbao ambazo hazijalegea. Gati letu sasa lina chuma kingi kuliko mbao. Kila mtu alijua kinachomleta. Shangazi alijua kuliko wote, na akajitia hamnazo.

"Fundi, hiyo mbao uliigonga jana."

"Naikagua."

"Imekuumiza nini hiyo mbao?"

"Hamna kitu, Nahodha. Naikagua tu."

Domo zege huyo, ndugu zangu. Nilikuwa namwambia, "Fundi, sema neno, mtu wangu, utamaliza misumari ya nchi." Anatabasamu, anakunywa chai, anarudi kugonga. Kila kiangazi anaomba jambo moja tu, amtengenezee Mbishi usukani. Na kila kiangazi Shangazi anakataa. "Ukishaitengeneza itakuwa boti tu," anasema.

Halafu zikaja habari kwamba hoteli mpya ya ziwa la chini inamtaka Fundi akawaundie boti zao, na nyumba ya kukaa wanampa. Alikuwa aondoke Jumatatu. Shangazi alipoambiwa alisema, "Aende, kwani nimemshika?" Kisha akapanga upya majaketi yote kibandani, kuanzia la mheshimiwa hadi la mtoto, kinyume na siku zote. Nikajua yamemfika.

Jumapili watu walikuwa wamejaa ziwani. Kulikuwa na mahema kila mahali, watoto wanalia na kucheka, na kundi la wapanda mlima limeshuka limechoka, limejilaza kwenye nyasi huku limevua viatu, harufu yake Mungu anaijua. Fundi akatokea. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, hana nyundo, hana misumari. Sikuwahi kumwona mikono mitupu. Akaja moja kwa moja mbele ya kiti cha plastiki.

"Nahodha, nimekuja kukodi Mbishi."

Shangazi hakuinua macho. "Ya watu wawili hiyo."

"Najua. Mimi ndiye niliyeiunda."

"Uko na nani?"

"Na wewe."

Mimi nilimwaga chai. Nilimmwagia mteja, kwa kweli, lakini hata yeye hakulalamika, alikuwa anasikiliza.

"Mimi niko kazini," Shangazi akasema.

"Nitangoja," akasema Fundi, akaja akaketi kwenye benchi langu.

Akangoja. Nilimpa chai, akanywa. Nikampa nyingine. Shangazi alitoa boti, akapokea boti, akawapigia kelele watoto waliosimama botini, akawapigia kelele na wasiosimama. Kila akigeuka, Fundi yupo. Habari ikasambaa kwenye nyasi, kwenye mahema, sokoni. Watu wakaanza kusogea. Bwana misitu akaja na mchumba wake. Mwalimu akaja. Mchumba wangu akafunga duka, akaja akiwa amekumbatia kiatu kimoja cha mteja bila kujua. Nikamwuliza Shangazi kwa upole kabisa, maana nami nilikuwa na langu, "Shangazi, unaogopa nini? Si inasema boti?"

Akanigeukia. Nilimwona usoni, na hasira zangu zikapungua kidogo, maana kweli alikuwa anaogopa. Mtu ambaye kwa miaka yote amewapima wengine alijua vizuri kuliko sote kwamba yeye mwenyewe hawezi kukanyaga sawa na mtu yeyote hapa duniani. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa akipanda naye boti anaweka miguu juu na kumwachia akanyage peke yake.

Wapanda mlima wakaanza kupiga makofi. Shangazi akasimama. Akavua firimbi, akanivisha shingoni.

"Shika. Na usipulize ovyo."

Lo! Nilihisi ile kamba ya kiatu shingoni kama mkufu wa dhahabu.

Waliingia Mbishi, Shangazi kulia, Fundi kushoto. Shangazi akapiga pedeli ya kwanza kabla Fundi hajakaa vizuri, boti ikamgeukia Fundi. Ikazunguka duara zima na kutazama tena pale pale ilipokuwa inatazama.

"Kanyaga, Fundi!"

"Nakanyaga."

"Unakanyaga kama fundi cherehani!"

"Punguza wewe kidogo, Nahodha."

"Nipunguze? Nikipunguza tutalala hapa!"

Ziwa ni tulivu, kila neno lilifika. Na mlima nao ukawa unarudisha: lala hapa, lala hapa. Watu walikuwa wameshikana mbavu kwa kucheka. Walizunguka mpaka bata wakaondoka. Upepo ukawa unawasukuma huku wanazunguka, jiwe liko kulia, wao wanakwenda kushoto, na Shangazi anavuta kile kijiti kisichofanya kitu, anavuta kwa mikono miwili, yeye ambaye kila siku anawaambia wateja wasikiguse.

Mwisho wakaingia kwenye matete, pale pale aliponasa yule bibi harusi. Tukamwona Shangazi amesimama botini. Amesimama! Na kibao chake mwenyewe kinakataza! Fundi akamshika mkono, akakaa. Watu wakaacha kucheka, na mimi nikaanza kuogopa. Halafu tukasikia kicheko. Kwanza cha Fundi, kile kicheko chake cha polepole. Kisha cha Shangazi. Miaka yote niliyokaa na yule mwanamke sijawahi kumsikia akicheka namna ile, mpaka anakosa pumzi, anasema "basi, basi, Fundi, mbavu zangu," na mlima nao unacheka naye.

Mchumba wangu akanipa kile kiatu, akachukua boti ya makasia ya kuokolea watu na kamba, akawafuata. Akawavuta mpaka gatini, Shangazi ameketi mbele kama abiria, miguu ameitandaza, na matete yamemkaa kwenye kofia. Fundi anamfuta tope kwenye koti kwa leso. Hakufanya haraka.

Walipofika, watu wote walinitazama. Si Shangazi, mimi. Firimbi iko kwangu.

Niwaambie ukweli, sikufikiri sana. Niliikumbuka kofia yangu iliyokwenda na maji. Niliwakumbuka bwana misitu na mwalimu, na chai zile alizokunywa mchumba wangu kimya kimya. Nikavuta pumzi.

Pi! Pi!

Shangazi akatoka botini kama ametupwa.

"Wewe mtoto! Nani kakwambia upulize hivyo?"

"Hamkufika jiweni, Shangazi. Hata karibu hamkufika."

"Jiwe! Jiwe lina nini? Lina akili? Linapika? Mtu atakataa kuolewa kwa sababu ya jiwe?"

"Mimi sisemi," nikamwambia. "Inasema boti."

"Boti gani!" Alipaza sauti mpaka majaketi nadhani yalitikisika kibandani. "Boti haina usukani! Hata malaika wawili wakipanda hiyo watazunguka! Boti mbovu inajua nini kuhusu watu?"

Boti mbovu, mlima ukarudisha. Kuhusu watu, kuhusu watu.

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona anayasikia, mdomo wazi, kidole bado kimeelekea kwa Mbishi. Akatazama watu. Bwana misitu, na urefu wake wote, alikuwa ameinama ili asikie vizuri.

"Samahani, Nahodha," akasema kwa adabu. "Unasemaje? Maana sisi tuliambiwa mara mbili."

"Na sisi mara moja," akasema mwalimu.

Mimi nilimtazama tu Shangazi yangu, kwa sababu mchezo ulikuwa umeniishia na lililobaki lilikuwa harusi yangu. Naye akanitazama. Kisha akavua kofia, akachomoa tete moja, akalitupa majini.

"Fundi," akasema, sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Hiyo kazi ya hotelini, lazima?"

"Si lazima," akasema Fundi. Mara hii jibu lilikuja papo hapo.

"Basi kesho uitengeneze hii. Itakuwa boti tu. Haya, mnakodoa nini? Kila mtu aende akaoe anayemtaka, mimi si mshenga wenu!"

Akaja kwangu, akanyoosha mkono aipate firimbi yake. Nikarudi nyuma hatua moja. "Bado kidogo, Shangazi," nikamwambia, nikaitia mdomoni, nikamtazama mchumba wangu aliyekuwa bado ameshika makasia, nikapuliza mlio mmoja, mrefu, mpaka kifua kikaisha hewa na machozi yakanitoka.

Upande wa pili wa barabara msumeno ukazimika. Baba akatokea mlangoni pa karakana, vumbi la mbao nyusini, mkono umekinga jua.

"Dada!" akaita. "Nani huyo ameiva?"

Shangazi akanitazama, akamtazama Fundi, akaona haya mbele ya umati mzima kama msichana.

"Wewe lete viti tu!" akamjibu. "Lete vingi!"